Mlima Nilioupata Nikitapika

Tata waitu,

Habari za hapo Kaagya, na mguu wako unaendeleaje? Mimi ni mzima, ila nimekonda, na sababu yake ndiyo nataka kukueleza.

Uliniandikia kwamba wanaokunywa rubisi nawe wanakucheka, ati mwanao amekwenda Ulaya kupima bahari kwa rula. Waambie hivi: kuna chombo angani, setilaiti, kinachopima kimo cha uso wa bahari. Bahari haiko sawa kama maji ya beseni. Penye mlima chini ya maji, uzito wa mlima huvuta maji ya jirani yakarundikana juu yake. Uvimbe huo ni mdogo, lakini setilaiti inauona, nasi ofisini tunachora ramani.

Basi nikaona uvimbe mahali ambapo ramani ya mabaharia inaonyesha tambarare. Mkuu wetu, mama mmoja asiyecheka, akasema, "Umekosea hesabu." Nikarudia mara tatu, uvimbe ukabaki pale pale. Akasema, "Basi panda meli ukauone."

Kwenye fomu ya kazi nilikuwa nimejaza kwamba nimezoea maji, kwa kuwa nimekulia karibu na bandari ya Kemondo. Sikusema kwamba Kemondo nilikuwa nikienda kununua dagaa tu. Tata, nilitapika siku nne. Mpishi wa meli alinipa ndoo yangu mwenyewe, akaiandika jina.

Tulipofika nikatoka kutazama. Sikuona kilima chochote cha maji. Uvimbe ni mpana mno kwa macho. Mabaharia wakaniuliza, "Mlima wako uko wapi, bwana?" Nikakumbatia ndoo. Kisha mashine ya kupima kina ikaanza kuchora mstari unaopanda. Ukapanda, ukazidi kupanda, hadi fundi wake akaita wenzake. Chini yetu kulikuwa na mlima ambao vilima vyote vya Bukoba vingejificha nyuma yake.

Niliposhuka bandarini, nikakuta barua ya dada Koku. Ndivyo nilivyojua kwamba kaka Kaijage ameshazikwa, kwamba ugonjwa huu uliomchukua mkewe umemchukua na yeye, na wajukuu wawili wamebaki mikononi mwako. Nilikwenda kazini kwa sababu sikujua pa kwenda. Mkuu akauliza, "Mlima wako tuuite nani?" Nikamwambia nimefiwa na kaka. Akafunga mlango, akachemsha chai, akakaa nami.

Baadaye nikaandika Kaijage. Unisamehe kama ilipasa nikuulize kwanza. Najua hakupenda hata kulowa mvua.

Nimeomba likizo, nami nitakuwa nyumbani kabla senene hawajaanza kuruka. Watoto wasigawanywe kwa ndugu kabla sijafika. Nataka wakae pamoja, na gharama zao nizibebe mimi.

Msalimie Koku, mwambie nilisoma barua yake nimesimama. Msalimie na mama mkubwa wa Hamugembe anayeniombea. Watoto waambie baba mdogo anakuja, na kwamba hajui kumenya ndizi, itabidi wamfundishe.

Mwanao anayekuwaza,
Projestus