Neno Lisilo na Kwao

Mpwa wangu Wandera,

Mjomba wako nimechanganyikiwa, na unajua kichwa hiki si cha mchezo. Mimi ndiye niliyevusha ng'ombe mpakani Busia wakiwa wamevaa kanga, askari wakadhani ni msafara wa harusi. Lakini neno moja la Kizungu limenishinda.

Ni lile lako, skedaddle. Kila ukipanda baiskeli kwenda kufundisha Mulanda: "Mjomba, nime-skedaddle!" Yaani umetimua mbio. Nami nikatangaza kila penye pombe kwamba neno hilo lilizaliwa hapa Sikuda, Wazungu walilichukua kwa babu yangu alipowakimbia wao na kodi yao. Wewe ulicheka tu: "Umeanza tena."

Sasa umekufa, na binti yako Nekesa amekwenda kuisimulia hadithi hiyo darasani. Darasa likacheka. Mwalimu akamwambia neno lilisikika kwanza kwa askari wa Marekani, enzi walipopigana wenyewe kwa wenyewe. Nikauliza, na hao walilitoa wapi? Wengine wanasema kwa Wagiriki. Wengine kwa Waskoti, waliolitumia maziwa yanapomwagika kutoka kwenye ndoo. Mwisho wanasema hawajui. Wandera, na vitabu vyote vile, hawajui! Kwetu hata maiti haishushwi kaburini kabla ya kutajwa ukoo wake, baba nani, mama katoka wapi. Hili linazurura tu duniani.

Lakini si hilo linaloniuma. Nekesa alirudi analia, akaniuliza: "Babu, na zile hadithi za baba ulizonisimulia, nazo ni uongo?"

Hapo ndipo nimekwama. Ile ya wewe kunipeleka kwa baiskeli kutoka Mulanda mpaka hospitali Tororo, mvua inapiga, homa imenilegeza, nimefungwa mgongoni mwako kwa shuka kama mtoto mchanga... ni kweli tupu, na ndiyo inayofanana na uongo kuliko zote! Nikiapa, haamini tena.

Sijui neno limetoka wapi. Sijui wewe umekwenda wapi, asubuhi unacheka, jioni tunalia. Sijui, mimi!

Ila nakuahidi: Jumamosi nampeleka Mulanda kwa yule mama wa chapati aliyetufunga lile shuka. Asimulie yeye. Mimi nitakaa pembeni, kimya. Mimi, kimya! Ungekuwepo ungeanguka na baiskeli.

Lala, mwana wa dada yangu. Wewe kwenu kunajulikana.

Mjomba wako, yule yule