Kidole Gumba Changu na Ng'ombe wa Shangazi

Njoro,
Jumapili alasiri.

Kwako Baba,

Salamu kutoka huku kwenye ukungu. Nakuona umekaa nje ya jikoni kwenye kiti chako cha kamba, redio umeiweka chini karibu na mguu, na naomba iwe hivyo kweli, kwamba umekaa na hakuna anayeumwa. Goti la nyanya yetu Kukhu limepoa? Mama ameacha kukohoa? Mahindi mmeyaingiza ghalani ama yamenyeshewa shambani? Mimi ni mzima, isipokuwa kidole gumba cha mkono wa kulia, na hicho ndicho kimenifanya niandike.

Usicheke mwandiko. Naandika kwa mkono wa kushoto, ndiyo maana herufi zimelala kama mahindi baada ya upepo. Nimekuwa nikiandika kidogo kidogo kila alasiri nikingoja saa ya kukamua. Ningepiga simu, lakini Baba, wewe ukipokea simu unaweka spika, na nyumba nzima inasikia, hata jirani aliyekuja kuomba chumvi. Kuna maneno siwezi kuyasema watu wakisikiliza. Unanijua. Dereva wa lori la vitunguu amekubali kuibeba barua hii hadi Chwele.

Huku asubuhi ukungu unateremka kutoka Mau na kulala juu ya ngano. Nikitoka na ndoo sioni mbali. Nasikia tu ng'ombe wa shangazi, Sukari, akipumua zizini, na mahali fulani mtu akikohoa barabarani, lakini mtu mwenyewe simwoni. Halafu jua linapanda polepole, ngano inaonekana kidogo, kisha miti, kisha paa za chuo ambako shangazi anapika. Kila siku naona kana kwamba dunia inaumbwa upya mbele yangu, na mimi nimeshika ndoo tu. Shangazi huondoka mapema sana kwenda jikoni kwao, kwa hiyo Sukari ni wangu. Hiyo ndiyo kazi inayonilaza na kunilisha hapa.

Jioni nachezea voliboli timu ya ushirika wa maziwa. Hilo unalijua, lakini sikuwahi kukuambia kwamba wamenifanya seta. Mimi ndiye naupokea mpira wa pili na kuamua nani aupige. Wengine wote ni wakubwa kwangu na wana sauti, mimi sina, na bado kila mpira unapita mikononi mwangu. Sijui nikuelezeje, Baba. Mpira ukiwa unashuka, kelele zote zinakwenda mbali, kama nimezama kwenye maji. Naona mishono yake. Naona nani ameanza kukimbia. Vidole vinafunguka vyenyewe, na mpira unaondoka bila sauti. Wakati huo sina haya na mtu yeyote. Shangazi anasema hata nikilala mikono yangu huinuka juu ya blanketi.

Lakini msimu huu tumeshindwa karibu mechi zote. Uwanjani mashabiki wa wenzetu wakituona tu wanaanza kutuita maziwa yaliyoganda, "Maziwa lala, laleni! Laleni mapema!" Sisi tunacheka, halafu tunashindwa.

Siku moja mazoezini nilipanda kuzuia mpira, ukanigonga kwenye ncha ya kidole gumba na kukirudisha nyuma. Kilivimba kama ndizi ndogo. Daktari wa zahanati alikigeuza huku na huku, akasema kano imevutika lakini haijakatika. Nikipumzika itapona. Nikigongwa tena inaweza kukatika, na hapo ni kupasuliwa, na labda mkono hautarudi kama ulivyokuwa.

Zilikuwa zimebaki mechi mbili. Tulihitaji kushinda hata moja tu ili tusishuke daraja.

Shangazi alisema nipumzike, na akasema kama mtu anayefunga mlango. Moraa, seta wa akiba, alisema, "Nekesa, tafadhali cheza. Mimi nikiseti, mpira unaenda kwa jirani." Mimi nilitaka kucheza. Nilitaka sana, Baba, na nitakuambia kwa nini. Nilikuwa nakufikiria wewe. Nilifikiria ile fainali yako ya shule, ulivyofunga kidole kwa kamba ya katani ukacheza mpaka mwisho mkashinda. Umetusimulia mara nyingi tukimenya mahindi, nami nilikuwa nakiangalia kile kidole chako ambacho hakikunjiki, nikijiambia kwamba mchezaji wa kweli ndivyo alivyo.

Kapteni wetu, Jerono, alikitazama kile kidole tu. Yeye ni mrefu, ana mtoto wa darasa la pili, na magoti yake yamechoka. Kila mtu alijua huu ni msimu wake wa mwisho, kwamba ukiisha atarudi kwao Molo. Nilidhani kama kuna mtu atakayenisukuma uwanjani, ni yeye.

Kocha Bett ndiye aliyeleta wazo. Mchana yeye ni mtu wa kupandisha ng'ombe wa wanachama, na kila kitu anakipima kwa ng'ombe. Alituambia, "Daktari anajua kano, mimi najua kukamua. Kidole kinachoweza kumkamua ng'ombe hadi aishe, hicho kinaweza kuseti. Jumamosi asubuhi tunakuja kwa shangazi yako. Ukimmaliza Sukari kwa mikono miwili, unacheza. Usipommaliza, unakaa benchi."

Hakuna aliyeona ajabu. Sote hapa tunakamua. Tulitikisa vichwa kana kwamba tumesikia jambo la hospitali kubwa.

Jumamosi walifika ukungu ukiwa bado mzito, timu nzima na traksuti zao, wakapanga mstari kwenye ua wa zizi. Sukari akainua kichwa, akawatazama.

"Huyu hajawahi kuwa na mashabiki wengi hivi," Moraa alisema.

"Amewashinda nyinyi," shangazi alijibu. Siku hiyo alikuwa ameomba ruhusa achelewe kazini. "Na mkimwogopesha, mtakunywa chai mkandaa."

Niliosha kiwele kwa maji ya moto, nikapaka mafuta, nikakaa kwenye kigoda na kuegemeza kichwa ubavuni mwa Sukari. Unajua jinsi ya kukamua. Kidole gumba ndicho kinafunga juu ya chuchu ili maziwa yasirudi, halafu vidole vingine vinafuata. Kila nilipofunga, maumivu yalipanda hadi kwenye kiwiko. Nilifumba macho. Ubavu wa Sukari ulikuwa na joto, tumbo lake lilikuwa linanguruma taratibu, na nikajiambia niko nyumbani, nakamua ng'ombe wetu, na wewe unapiga mswaki pale kwenye mti wa parachichi. Povu likapanda ndooni. Machozi yalitoka lakini yaliingia kwenye manyoya ya Sukari, hakuna aliyeyaona.

"Nimemaliza," nikasema.

Kocha akatazama ndoo. "Hiyo ni ndoo ya haki," akasema. Wasichana wakapiga makofi. Moraa aliruka. Mimi nikasimama, na moyo wangu ulikuwa umeshafika uwanjani.

Jerono akapita kwenye lango la zizi. Alikunja mikono ya traksuti, akachuchumaa, akashika chuchu ya nyuma ya upande wa kulia, na akafinya.

Maziwa yalitoka. Si tone, Baba. Mstari mrefu mweupe, tena na tena, ukigonga saruji kwa sauti ambayo bado naisikia. Paka wa shangazi alikuja.

"Hajaisha," Jerono alisema bila kugeuka. "Hii moja seta ameiacha."

"Hiyo ni kidogo tu," kocha alisema.

"Wewe ndiye ulisema hadi aishe."

"Jerono, tukishindwa leo na wiki ijayo tunashuka."

"Najua." Alikuwa bado anakamua. "Na wakipanda tena mimi sitakuwa nao. Mwaka huu ni wangu wa mwisho, kocha. Si wake."

Angeweza kunyamaza. Hilo ndilo ninaliwaza kila siku nikikitazama kigoda kile. Mimi nilikuwa nimesema nimemaliza, kocha alikuwa ametosheka, wote walikuwa wamepiga makofi. Yeye peke yake ndiye aliyeshuku, na yeye ndiye aliyekuwa na haja ya ushindi kuliko sisi wote. Binti yake alikuwa anakuja kumwona akicheza.

Kocha alivua kofia, akaivaa tena. Akaniambia, "Haya. Benchi." Halafu kwa sauti ya chini, "Pole, msichana."

Tulicheza Nakuru mjini, kwenye uwanja wa shule. Nilikaa benchi, mkono umefungwa kwa leso ya shangazi. Moraa alinikimbilia kabla ya filimbi, midomo imekauka.

"Nikipata mpira niupeleke wapi?"

"Mpe Jerono."

"Na nikiogopa?"

"Mpe Jerono."

"Na akiwa amezuiwa?"

"Moraa, mpe tu."

Seti ya kwanza sitaki kuikumbuka. Mpira mmoja ulikwenda juu ya paa la vyoo na mwalimu akautafutia ngazi. "Laleni!" wakaimba upande ule. Lakini kutoka benchi niliona kitu ambacho sijawahi kukiona nikiwa ndani. Niliona mpira unavyokaa juu muda mrefu kuliko ninavyofikiri. Kuna nafasi kubwa sana pale hewani, Baba, mtu angeweza kunywa kikombe cha chai. Nikamwambia Moraa wakati wa mapumziko, nikamshika bega, "Usikimbilie. Unangoja. Utakuta bado upo." Kocha alinigeukia kwa sababu hajawahi kunisikia nikisema sentensi tatu pamoja.

Seti ya tatu tulishinda. Moja tu, na baadaye tukashindwa mechi, na Jumamosi iliyofuata tukashindwa tena. Tumeshuka daraja. Nakuambia bila kuzunguka.

Mpira wa mwisho wa mechi ya mwisho, Moraa aliuinua juu, umepinda kidogo, na Jerono akapanda. Nadhani aliyaacha magoti yake chini. Alibaki hewani kama shati kwenye kamba, akaupiga kwa nguvu zote, na ukatua nje, kando tu ya mstari. Mwamuzi akainua mikono. Jerono akautazama mstari, akacheka, akaenda kumbeba binti yake. Mimi nililia. Nilitaka niwe mimi niliyempa ule mpira. Ningeuweka sawasawa, na ungetua ndani, naamini hivyo, na hilo halitatoka moyoni upesi.

Sasa wanakuja kwa zamu kunikamulia Sukari. Hakuna aliyewapangia. Jumatatu baada ya kushuka, nilitoka na ndoo nikamkuta Jerono zizini, nyayo zake ziko kwenye umande.

"Niaje, seta. Leta hiyo ndoo."

"Si ulisema unaenda Molo?"

"Molo haihami. Nyosha mkono nione." Akakigusa kidole kwa upole, kama unavyopima yai. "Hiki mwakani kitawapandisha. Usikishikie hata sufuria."

"Na wewe utakuja kutuona?"

"Nikija nitakuwa upande wa wale wa laleni," akasema. "Ndio mnijibu kwa mpira."

Moraa ndiye anakuja siku nyingi. Akikamua nakaa karibu, namwonyesha kwa mkono wa kushoto jinsi ya kupokea mpira, na yeye anashika hewa kwa mikono yenye maziwa, na Sukari anageuka kututazama sisi wajinga wawili kwenye ukungu.

Baba, hili ndilo sikuweza kulisema kwenye spika. Niliogopa utaona nimekuwa mwoga. Wewe ulicheza na kidole kilichovunjika, mimi nimeketi na kano iliyovutika tu, na timu imeshuka. Lakini nikikaa kando ya kile kigoda nimekuwa nikijiuliza kuhusu ile fainali yenu. Kulikuwa na mtu aliyekuambia upumzike? Kulikuwa na Jerono wenu? Huwa unasimulia mpaka pale mnapobebwa mabegani, halafu unakoma. Ningependa siku moja unisimulie kuanzia pale, jinsi kesho yake ilivyokuwa. Si kwa kukulaumu. Nataka tu kujua kama kidole kilikuuma, na ni nani alikushika mkono.

Msalimie Mama, mwambie blanketi alilonipa linatosha kwa baridi hii. Msalimie Kukhu, umsomee barua polepole na umweleze voliboli ni nini. Mwambie Wafula, kaka yangu mdogo, asiuchezee mpira wangu kwenye miiba. Shangazi anakusalimu, anasema dada yako bado anangoja ile mbegu ya ndizi uliyomwahidi.

Nitakuja Krismasi. Daktari wa zahanati anasema kufikia hapo kitakuwa kimepona. Nakumbuka Jumapili asubuhi kabla ya kanisa, ukiniita kutoka chumbani kwa sababu kile kidole chako hakikubali kifungo cha mkononi, na mimi nikikufunga shati huku ukitazama dirishani kana kwamba hatufanyi kitu. Niwekee hilo shati jeupe. Nataka kuja kulifunga kwa mikono yote miwili.

Mimi binti yako,
Nekesa

(Jina langu nilitaka kuliandika kwa mkono wa kulia ili ulitambue. Nilishika kalamu, halafu nikaihamisha.)