Saa Tano za Perth

Kuresoi,
Jumapili, 8 Juni 2025

Mpendwa ndugu yangu Kiplimo,

Natumaini maneno haya yatakukuta mzima, wewe na watoto, na kwamba baridi ya huko haijawabana sana. Sisi hatujambo. Mahindi yamefika magotini, na viazi vya shamba la juu vimeanza kutoa maua.

Dada yetu Cheptanui ananiambia hujapokea simu yake tangu tumzike mama. Hakulalamika, alilitaja tu akikamua. Ndiyo sababu naandika, maana kwa simu ningezungukazunguka.

Unakumbuka ujumbe wako: ndege inaondoka Perth Ijumaa saa kumi jioni, safari ni saa ishirini pamoja na kusubiri Doha. Kamati ya mazishi ilinigeukia mimi, mwalimu wa jiografia kwa miaka thelathini na minne. Niliwaeleza kwamba kutoka Perth hadi Nairobi ni karibu kilomita elfu tisa, kwamba dunia huzunguka nyuzi kumi na tano kila saa, na kwamba tofauti yetu ni saa tano. Nikazijumlisha. Nikasema utatua Jumamosi saa kumi na moja jioni, na nyumbani utafika usiku. Wakaamua tusikungoje, tuzike Jumamosi hiyo saa tano asubuhi, kabla ya mvua.

Dada yetu alipinga. Alisema ukimpigia simu huwa unapika chakula cha mchana naye bado yuko kwa ng'ombe, kwa hivyo saa zenu ziko mbele na lazima zipunguzwe. Nilimjibu kwamba ng'ombe hawasomi ramani. Watu walicheka.

Ulipofika saa saba mchana ukakuta kaburi limefunikwa, uliuliza ni nani aliyeharakisha. Nilisema akina mama waliogopa mvua, nikamtazama Cheptanui. Hakunikanusha.

Kiplimo, kukosea hesabu ungenisamehe. Lakini asubuhi ile, saa tatu, nilikwenda nyuma ya stoo ya viazi, nikachora Perth na Nairobi udongoni kwa fimbo na kuhesabu upya. Cheptanui alikuwa sahihi. Ulikuwa umeshatua, labda unakaribia Naivasha, na laini yako ya simu ya huko haikupatikana hapa. Pasta aliponiuliza kama tuendelee, ningeweza tu kusema tungoje. Niliona haya mbele ya watu niliowafundisha. Nikasema tuendelee. Na udongo wa kwanza, ambao kwetu hutiwa na kitinda mimba, yaani wewe, nikautia mimi.

Nimemsomea Cheptanui barua hii kabla ya kuipiga picha nikutumie. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza sasa hivi huko ni saa ngapi. Nimemwachia ahesabu mwenyewe. Akikupigia, tafadhali pokea. Mimi nitangoja mpaka utakapokuwa tayari.

Wasalimie watoto, na Mungu awalinde.

Ni mimi kaka yako,
Elphas