Lakiri ya Chiriku

Nyumba ya kona,
Nyuma ya kituo cha mafuta.
Jumamosi, 14 Juni

Mpendwa mdogo wangu Chiriku,

Hujambo huko ughaibuni? Na mkono, bado unakusumbua kukiwa na baridi? Sisi wazima, ila magoti ya Mama, na hayo umeyazoea. Shemeji yako amepaka jikoni rangi ya kijani. Sisemi kitu.

Sasa habari yenyewe. Mashine ya kukandia unga pale kiwanda cha mikate imemshika msichana mwingine, mkono wa kulia. Amemshtaki mwenye kiwanda, naye akaapa kwamba mashine ile haijawahi kumdhuru mtu.

Ndipo wakili wa msichana akaomba faili la kesi yako lifunguliwe, lisomwe na yeyote atakaye. Unakumbuka lilivyofungwa kwa lakiri siku mlipopatana na mwenye kiwanda, nawe ukaahidi kutosema neno. Wewe, Chiriku! Tulicheka siku ile. Baadaye nyumba ikapoa, na hatukucheka tena.

Nilikwenda kusikiliza, nikakaa benchi la nyuma, lile linalolia ukijisogeza. Wakili wa kiwanda akabadilisha wimbo. Akasema lakiri inakulinda wewe, kwa sababu humo mna picha za mkono wako. Alisema kwa huruma, utadhani amekulea yeye. Tangu uumie sijamwona mtu wao akija hata kukujulia hali.

Jaji amesema atakusikiliza wewe kwanza. Ukiandika kwamba huna pingamizi, atalifungua, na ahadi yako haikuzuii kuijibu mahakama. Usipoandika, litabaki kabatini, na msichana atashindana na kiapo cha tajiri peke yake.

Mimi sikushauri, nakueleza tu. Picha ni zako, na najua hata sisi ulikuwa ukituficha mkono huo chini ya meza.

Nilipotoka nilipishana na yule msichana kwenye ngazi. Akaniamkia, akanipa mkono wa kushoto.

"Samahani, dada, huu wa kulia bado."

"Usijali, mdogo wangu. Kwetu tumezoea."

Hakuelewa. Si langu kumweleza.

Nisalimie shemeji, mapacha, na yule jirani yako mshonaji anayekutungia uzi kwenye sindano. Mama anakusalimu sana. Mungu akulinde, mikono yote miwili.

Ni mimi dada yako,
nikupendaye ukisema na ukinyamaza.