Gahongayire Alichovya Mara Moja Tu

Kwa jina la Mola aijuaye siri ya kila kifua. Ndugu yangu Swaibu, nimetoka kwa Mutabazi sasa hivi.

Unamkumbuka, mwalimu wa kemia, jirani yetu wa Rwezamenyo. Mwaka 1993 alikuwa akiunda kipimo cha dawa kinachotoa mwanga kwa madini ya rutheni. Msaidizi wake alikuwa binti mmoja, Gahongayire.

Mwanga ulikuwa hafifu. Mutabazi akaamuru, "Chovya tena!" Kila waya wa kipimo ulipochovywa kwenye maji ya rutheni, utando wa rutheni uliongezeka, na mwanga ukazidi kufifia.

Binti akasema, "Mwalimu, utando umekuwa mnene. Umeme hupitishwa chembe kwa chembe. Njia ikirefuka, haufiki."

"Siku hizi wewe ndiye mwalimu? Chovya tena!"

Mwanga ulipozimika kabisa, akamfukuza kwa kosa la uzembe. Uzembe, Swaibu!

Leo Christella, mdogo wake Gahongayire, amemletea Mutabazi daftari la marehemu dada yake. Ukurasa wa mwisho: "Nimechovya waya mpya mara moja tu. Mwanga umewaka vizuri. Nitamwambia Mwalimu hasira zikimpoa."

Zikimpoa! Zilimpoa Machi 1994, akanuia kumwita kazini baada ya Pasaka. Baada ya Pasaka ile yalianza mauaji ya kimbari, na hapakuwa tena na wa kuitwa.

Mutabazi ameniuliza, "Mzee, msamaha nimwombe nani?"  Christella alimshika mkono tu.

Mola amrehemu binti yule, na awape subira waliobaki: aliyefukuza, na aliyeleta daftari bila neno la lawama.