Kitenge cha Kukaguliwa na Mama

Mama yangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Goti limepoa, au bado unapanda hadi soko la Mbugangari kwa miguu kwa ubishi wako? Na Baba anameza dawa zake, au anazificha chini ya mto kama kawaida? Mimi huku Guangzhou ni mzima, alhamdulillahi, ila nimewakumbuka sana.

Mmesikia redioni Marekani na China wanavutana juu ya ushuru. Huku si habari ya redio tu, Mama. Kiwanda chetu kilikuwa kinatengeneza vitambaa vya meza vya Wamarekani. Leo ushuru unapanda, kesho wanasema watazungumza, keshokutwa umepanda tena. Wanunuzi wakachoka, wakaacha kuagiza. Nusu ya mashine zimefunikwa mashuka. Wenzangu wengi wamerudishwa kwao, na mimi nilishaanza kukunja nguo zangu.

Bon, bosi akapata wazo: Wamarekani wakikataa, tuwauzie Waafrika. Akachapa vitenge, akaniita kwa furaha nivione. Loo! Rangi zinawaka kweli. Nikafanya kama wewe unaponunua vitenge sokoni, nikageuza. Nyuma kweupe! Nikakusikia kabisa ukiwaambia wale wanaovuka mpaka pale Grande Barrière na marobota yao: "Geuza, mama, geuza nione mugongo. Hii iko ya meza, si ya kuvaa!"

Nikacheka peke yangu, bosi akaudhika. Nikamweleza kwamba kwetu mwanamke hutazama mgongo kwanza, kisha hulowesha pembe kwa mate na kuisugua kiganjani, aone kama rangi inachuja. Akauliza nimesomea wapi mambo hayo. Nikasema, kwa mama yangu.

Basi wamechapa upya, pande zote mbili. Bosi kasema nikupelekee wewe kipande ukikague. Ukikipitisha, tunaanza kazi na mimi nabaki. Ukikikataa, hana kazi nyingine ya kunipa, narudi nyumbani. Kipande ndicho hicho alichokuletea Mzee Saidi, jirani yetu muuza viatu, aliyekuja huku kununua mzigo.

Nakujua, Mama. Utataka kukisifu ili nisikose kazi, au kukiponda ili nirudi. Tafadhali, usinionee huruma. Kisugue kama vile kimeletwa na mtu usiyemjua, maana watakaokivaa ni majirani zako.

Nisalimie Baba sana. Dada Zaina, fundi wetu wa cherehani, mwambie asikikate kabla hujakikagua, namjua mkono wake. Na shangazi yangu mkulima wa Kanama ajue kwamba maharage yake nayaota.

Kitu kimoja nikuambie, usimwambie Baba. Nilipomaliza kukifunga niliinua mikono niombe dua, nikaishusha. Sikujua niombe kishike rangi au kichuje.

Mwanao anayekupenda,
Hadija