Mkorosho wa Bibi Tunu Usikatwe

Anse Royale,
Kisiwa cha Mahe,
Shelisheli.
14 Septemba 2025

Mpendwa Mjomba Saadi,

Assalaam alaykum warahmatullah. Natumaini barua hii itakukuta u mzima na goti lako la kulia limetulia. Mama hajambo? Na mdogo wangu Hafidha, ambaye bila shaka ndiye anayekusomea maneno haya? Nasikia ufuta wa mwaka huu ulikubali, na korosho zimeanza kudondoka. Mimi mwili wangu ni mzima. Mengine utayapima mwenyewe ukifika mwisho.

Barua inaletwa na Mwalimu Klementina, mtu wa Nachingwea tunayefundisha naye hapa, ambaye anarudi nyumbani kwa likizo. Ningeweza kupiga simu. Nilipiga mara mbili wiki iliyopita, ukaweka sauti ya juu ili wote waliokaa barazani wanisikie, kama ilivyo kawaida yako, nami nikaishia kuulizia mbuzi.

Hafidha ameniandikia kwamba unataka kuukata mkorosho wa Bibi Tunu, ule wa mbele ya nyumba, ili gari langu lipate njia ya kuingia uani mwezi wa Desemba. Nimemjibu kwamba shoka lisubiri barua hii. Nakuomba, Mjomba, usiukate. Gari hakuna. Halijawahi kuwapo.

Lile gari jeupe nililoliegemea pichani ni la mkuu wetu wa shule. Nilimwomba Klementina anipige picha wakati mwenyewe yuko kikaoni. Sikuandika kwamba ni langu. Niliituma picha bila neno hata moja, na kwa miezi mitano nimejitetea kwa hoja hiyo, kwamba asiyesema hajadanganya. Ingepita katika mdahalo wowote wa chuo. Lakini uliponiuliza kama nitakuja nalo kupitia bandari ya Mtwara, nilijibu inshallah. Nililichukua jina la Mwenyezi Mungu nikalifanya kifuniko cha uongo wangu, na tangu siku hiyo sina hoja.

Sasa nikueleze jinsi ninavyosafiri kweli. Kisiwa hiki ni milima iliyochomoza baharini, na barabara imebanwa kati ya jabali na maji. Sehemu nyingi hazina njia ya waendao kwa miguu. Gari likija unajibandika ukutani kama mjusi. Mabasi yapo, tena mazuri, ila jioni hupungua mapema, na Jumapili unaweza kusoma gazeti zima kituoni kabla halijatokea basi hata moja.

Ndani ya basi hamna konda. Anayetaka kushuka hupaza sauti, "Devan!", yaani hapo mbele, na dereva husimama. Wiki ya kwanza nilishindwa. Mimi uliyenizoea kubishana na kila mtu, niliona haya kupiga ukelele kwa lugha nisiyoijua. Nikapitishwa vituo vitatu, nikarudi kwa miguu juani, shati limenata mgongoni, na wanafunzi wangu wakinitazama kutoka madirishani.

Utauliza kwa nini sikusema tangu mwanzo, kwani kutembea si jinai. Ni kwa sababu ya Mwalimu Nurdini. Alinifundisha kusoma, na siku ya safari yangu alikuja kuniaga kwa miguu kama anavyokwenda kila mahali. Nami nikatamka mbele ya watu wote kwamba msomi anayezeeka akitembea kwa miguu hakusoma, alihudhuria tu. Watu walicheka. Yeye alikung'uta vumbi la viatu vyake akasema, "Haya, kijana. Ukifika huko utatuandikia mguu una kosa gani." Baada ya maneno yale, ningewezaje kuandika kwamba natembea?

Jumatatu iliyopita nilikuwa nakwenda kazini kwa miguu mvua iliponikuta. Jirani yangu Fransisko, mtunza bustani wa shule yetu, akasimamisha pikapu yake kuukuu iliyojaa majani na samadi, akanipakia. Tulipokaribia lango nilimwomba anishushe.

"Mwalimu, mvua hii yote. Unashukia nini hapa?"

Nikamwambia nataka kunyoosha miguu. Aligeuka akatazama mzigo wake, kisha akatazama tai yangu.

"Majani hayajakukosea kitu, Mwalimu," akasema, akaniacha nishuke.

Nilisimama pale nikilowa, Mjomba, lakini akili yangu ilikuwa Ruangwa, kwenye barabara ya vumbi iendayo shuleni. Miaka minne ulinibeba kwenye baiskeli kutoka kwetu Likunja, kila nilipokwenda bweni na kila nilipofunga shule, sanduku likiwa mbele yako na mimi nyuma. Na kila mara nilikuambia unishushe kwenye kona, kabla ya lango, kwa kuwa shule hairuhusu baiskeli kuingia. Ulishuka bila kuuliza. Ulinifuta vumbi mgongoni, ukanikabidhi sanduku, ukageuza. Shule haikuwa na sheria hiyo. Niliitunga mimi, ili wenzangu walioletwa kwa magari wasikuone.

Siku ya mahafali uliiacha baiskeli kwenye kona ukaja kwa miguu ndani ya kanzu yako nyeupe. Ukakuta baiskeli za wazazi wengine zimepangwa ukutani, ndani kabisa ya lango. Ulizitazama kwa muda. Mimi nilikuwa kando yako, nikasubiri swali. Ukasema, "Kumbe siku ya sherehe wanaruhusu." Kisha ukanishika mkono tukaenda kukaa.

Nimesoma vitabu vingi tangu hapo na sijapata njia ya kuyapita maneno yale. Ulijua. Ulinipa udhuru kabla sijauomba, nami nikauchukua, na mwaka huu nikakulipa kwa picha ya gari la mtu. Naona aibu ambayo sijui niiweke wapi.

Kwa hiyo nina maombi mawili. Barua hii isisomwe chumbani. Hafidha aisome barazani, mbele ya wote ulioionyesha ile picha, na Mwalimu Nurdini aitwe. Umwambie nimeandika kama alivyoagiza: mguu hauna kosa lolote.

La pili, Desemba nitashukia stendi ya Ruangwa kwa basi. Goti lako likiruhusu, njoo na baiskeli. Zamu hii nitaendesha mimi, nawe utakaa nyuma na sanduku. Tutapita mbele ya lango la shule, mchana, taratibu, na kwenye kona sitasimama. Mkorosho wa Bibi Tunu hautatuzuia kuingia uani.

Nisalimie Mama na umwombe asilie. Nisalimie Hafidha, na wote wa Likunja na Narung'ombe wanaoniulizia. Mwenyezi Mungu akupe afya na umri, na aulainishe moyo wako kwangu kuliko ninavyostahili.

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye na kukuonea haya,

Bashiri